Siwa ya Shibiri Moja

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, palikuwa na mtu mmoja jina lake Ngwali, fukara asiye na mbele wala nyuma, ila Mungu alimjalia pumzi. Kazi ya ukoo wake tangu enzi za mababu ilikuwa kupuliza siwa ya Sultani, ile pembe kubwa ya ndovu iliyojaa nakshi, yenye urefu wa shibiri kumi kamili. Na ada ya mji ilikuwa hii: binti wa Sultani haolewi mpaka siwa ilie, wala haijuzu mtu yeyote kuigusa siwa hiyo ila awe wa ukoo wa Ngwali. Heshima hiyo ilimpatia kikoi kimoja kwa mwaka na sahani ya wali siku za harusi, na siku zisizo za harusi alikula heshima hiyo hiyo.

Ngwali alikuwa na dada yake, Mwanakheri, mjane mwenye watoto watatu. Mumewe alipofariki alimwachia reale mia mbili, naye akaziweka amana kwa tajiri Bwana Abeidi, kama walivyofanya wajane wote wa mji. Bwana Abeidi alikuwa mtu wa tasbihi ndefu na sauti ya pole, na Sultani mwenyewe ndiye aliyemkabidhi sanduku la amana za wajane na mayatima. Basi ikawa kila wajane wakienda kuomba chao, yeye huwaambia, "Subirini, mama zangu, mali inazaa." Na kweli ilikuwa ikizaa, ila watoto wote walihamia kwake: nyumba yake ikaongezeka ghorofa, na shamba lake la minazi likavuka kilima. Hata wajane walipochoka wakapiga kelele mpaka barazani kwa Sultani, sanduku likafunguliwa, mkaonekana mende wawili na kufuli ya akiba. Reale elfu kumi zilikuwa zimeliwa.

Mji mzima ukangoja kumwona tajiri akienda gerezani. Lakini Waziri Shihabu akamnong'oneza Sultani Muhadhari sikioni, na kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani akisema: "Mtu yeyote aliyechukua mali ya thamani ya reale elfu moja au zaidi, kisha akaja kwa hiari yake akarudisha fungu moja katika kumi, huyo amefanya sulhu. Hafungwi, haulizwi habari za mafungu tisa, wala haitwi mwizi." Waziri aliandika "mtu yeyote" bila wasiwasi, maana alijua hakuna maskini wa Kitangani awezaye kuchukua kitu cha reale elfu. Bwana Abeidi akaleta elfu moja, akaikabidhi kwa Sultani, si kwa wajane, akapewa karatasi yenye muhuri akaenda zake. Sultani akafurahi mno, kwa kuwa binti yake alikuwa karibu kuolewa na mwana wa Sultani wa Shungi, na elfu ile ilitosha ng'ombe, mchele na samli ya karamu.

Wiki ile ile mtoto mdogo wa Mwanakheri akashikwa na homa. Mama yake akaenda kwa Bwana Abeidi kuomba japo reale moja katika mia mbili zake, akafungiwa mlango. Alipogeuka akaona kuku anaparua uani, akamtia kwapani, akaenda kumpikia mwanawe supu. Chungu hakijateremshwa jikoni, askari wakafika. Waziri akamhukumu kifungo cha mwaka mzima.

Ngwali aliumia sana. Watoto watatu walihamia kwake, wakawa wanalala mkeka mmoja, na yule mdogo kila akipewa uji huuliza kwanza mama atarudi lini. Na kwa kuwa gereza la Kitangani liliwapa wafungwa maji tu, chakula wakaletewa na jamaa zao, Ngwali akawa kila asubuhi anakwenda huko na kikapu, hata mlinzi wa mlango akamzoea. Siku ya nne akakopa bawa la kuku kwa jirani, akalitia katika bakuli na mchuzi, akaenda barazani.

"Umeleta nini, Ngwali?" akauliza Sultani.

"Nimeleta sulhu, Seyyidi yangu. Dada yangu alichukua kuku mmoja wa Bwana Abeidi. Hili bawa ni fungu lake la kumi, na mchuzi nimeuzidisha kwa adabu."

Watu wakaangua kicheko, na Sultani mwenyewe akaficha meno kwa ncha ya kilemba. Waziri hakucheka.

"Ewe juha, sulhu ni ya reale elfu na kupanda! Chini ya hapo ni wizi. Hukusikia wahenga wakisema, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea?"

"Nimesikia, bwana Waziri. Na mla reale elfu kumi za wajane, humwelekea nini?"

"Huyo ni mtu aliyeteleza katika hesabu."

Ngwali akainamisha kichwa, akafikiri. "Basi kumbe kosa la dada yangu ni kuchukua kidogo."

"Ukipenda, liite hivyo," akasema Waziri.

"Ahsante, bwana wangu. Hilo sikuwa nimefundishwa." Akabeba bakuli lake, akampelekea bawa yule mtoto mgonjwa.

Basi siku za harusi zikawadia. Ilikuwa desturi harusi ikikaribia Ngwali kuichukua siwa kwake, kuipaka mafuta ya nazi na kuusafisha mdomo wake, ambao huchomolewa, nao una urefu wa shibiri moja. Asubuhi ya harusi alipita gerezani kama ada yake, kikapu mkononi na mkeka mpya umeviringishwa begani, mrefu kuliko yeye. Mlinzi akampungia mkono apite, maana na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kunusa pilau.

Kufika saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni wa Shungi walikaa upande wa kulia, Bwana Abeidi akakaa safu ya mbele na tasbihi yake, na nyuma ya pazia alikaa Mamake Sultani pamoja na bibi harusi. Watu wa Shungi nao walikuwa na mwiko wao: siwa isipolia kabla ya adhuhuri, bwana harusi hurudi kwao bila mke. Ngwali akaingia. Mkononi alishika kitambaa tu.

"Siwa iko wapi?" akauliza Sultani.

Ngwali akapiga magoti, akakifunua kitambaa, akauweka mdomo wa siwa juu ya sinia ya fedha. 

"Seyyidi yangu, mimi nimeichukua siwa. Nimekuja kwa hiari yangu kufanya sulhu. Siwa ni shibiri kumi, na hii hapa ni shibiri moja."

Waziri Shihabu akaruka. "Mwizi! Mfungeni!"

"Kwanza nisaidie, bwana Waziri," akasema Ngwali. "Siwa hii thamani yake ni kiasi gani?"

Waziri, kwa kuwa wageni wanamtazama, akatunisha kifua. "Siwa ya Kitangani? Haipungui reale elfu ishirini!"

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali. "Basi si wizi. Nimeteleza katika hesabu."

Mmoja wa wageni akacheka, akajidai anakohoa. Sultani akakunja uso. "Usinichezee, Ngwali. Puliza."

Ngwali akautwaa ule mdomo, akavuta pumzi yake yote, akapuliza. Ukatoka mlio mwembamba wa kukatika, kama mwanambuzi aliyekanyagwa mguu. Watu wa Shungi wakatazamana, na mzee wao akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu.

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya Mamake Sultani. "Muhadhari! Mjukuu wangu haolewi kwa mlio wa mbuzi!"

"Ngwali," akasema Sultani kwa sauti ya chini, "zi wapi shibiri tisa?"

"Seyyidi yangu, sheria yasema haulizwi habari za mafungu tisa. Bwana Abeidi hakuulizwa. Wajane wakaambiwa sulhu imepita, waende zao. Nami nakwambia, sulhu imepita, harusi iendelee." Kisha akaongeza kwa uchungu, "Ukiona shibiri moja haitoshi kumwoza binti mmoja, bwana wangu, basi fungu moja laweza vipi kuwalisha mayatima wa mji mzima, nalo hawakulipata?"

Sultani alikuwa na panga arobaini mlangoni, na neno moja lingetosha kumaliza pumzi ya Ngwali. Lakini shingo ya Ngwali ingekatwa, siwa ingebaki ilipo, na jua lilikuwa likipanda. Zaidi ya hayo Sultani alijiona kweli, akaona mkuki kwa nguruwe mtamu. Akageuka.

"Bwana Abeidi, lete ile karatasi."

"Lakini Seyyidi yangu, ina muhuri!" akasema tajiri, tasbihi ikimtoka mkononi.

"Muhuri ni wangu, na aibu ni yangu." Akaichana vipande vinne. "Kabla ya magharibi utarudisha mafungu tisa kwa wajane wenyewe, mkono kwa mkono. Ikipungua reale moja, utalala gerezani, uuze nyumba yako kutokea humo."

"Na lile fungu la kumi, Seyyidi?" akauliza Ngwali taratibu, macho yake yakiwa juu ya masinia ya pilau.

Sultani akayatazama masinia. Wageni wakayatazama. Bwana mmoja wa Shungi aliyekwisha kumega tonge akalirudisha polepole. "Hilo nitalilipa mimi," akasema Sultani, uso umemwiva, "na wajane waitwe, wao ndio watakaokula kwanza. Pilau hii ni yao. Sasa sema, siwa umeificha wapi?"

"Mahali pekee katika mji huu ambapo mwenye reale elfu hakanyagi, bwana wangu. Imo gerezani, ndani ya mkeka wa dada yangu."

"Askari, kimbieni mkailete!"

"Taratibu, Seyyidi," akasema Ngwali. "Sikuombi umfungue dada yangu, hukumu ni yako. Ila askari hawa si wa ukoo wetu, wakiigusa siwa ada imevunjika. Mimi nami siwezi kutoka, nangoja hapa nihukumiwe. Huko gerezani, mtu wa ukoo wetu yuko mmoja tu."

Hapo mabega ya Sultani yakaanza kutikisika, na kicheko kikamshinda, akacheka mpaka kilemba kikaenda upande, na nyuma ya pazia Mamake akacheka kuliko yeye. "Mfungueni mwanamke yule!" akasema akifuta machozi. "Na mbiu ipigwe, sheria ile imekufa leo. Aliyekula kumi atatapika kumi."

Ikawa Mwanakheri akaja kwa miguu yake katikati ya mji, siwa begani, askari wamemzunguka bila kuthubutu kunyoosha hata kidole, na watoto wake watatu mbele yake. Ngwali akauchomeka mdomo mahali pake, akapuliza. Siwa ikalia hata madirisha yakatetema, na mzee wa Shungi akavua viatu vyake akakaa tena.

Walipokwisha kula, Sultani akamwita Ngwali. "Omba zawadi. Chochote utakacho."

"Naomba kuku, Seyyidi. Mmoja, mzima, aliye hai."

"Kuku? Wa nini?"

"Nimpelekee Bwana Abeidi. Dada yangu alimla kuku wake mzima, nasi kwetu bawa halilipi kuku."

Sultani hakucheka safari hii. Akainuka mwenyewe, akaenda bandani, akamkamata kuku kwa mikono yake. Hekaya imekomea hapo bandani, na mwenye cha watu na akirudishe kikiwa na miguu yote miwili.