Kinyonga Mweupe wa Nakunda

Kidole kilichozoea kukataa hukataa hata bahati. Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu, nanyi mnataka kujua chanzo chake. Haya, sogeeni. Hakuna mhenga wa kale aliyeutunga msemo huu. Ulianzia hapa hapa Usangi, kwenye gemu.

Nakunda na dada yake Eliseta walikuwa na gemu moja ya mkononi, ile ya kukamata viumbe. Tangu utotoni walimtafuta kinyonga mweupe, ambaye hutokea mara moja katika maelfu. Sasa Eliseta alikuwa anaolewa Singida, na Nakunda aliapa kwamba dada yake haondoki bila yule mweupe. Hakuwa na zawadi nyingine akilini.

Kazi yenyewe ni hii: unaingia pangoni, kinyonga anatokea. Akiwa wa kahawia, unamkataa: unabonyeza kitufe cha kukimbia, naye anatoweka, unaanza upya. Nakunda alikaa dirishani, ukungu ukishuka migombani, akabonyeza mpaka pango na ukungu vikawa kitu kimoja. Wa kahawia, kimbia. Wa kahawia, kimbia. Hakujua tena kama yu macho au anaota, na ilikuwa raha, siwafichi.

"Mdogo wangu, njoo tuchambue maharage," Eliseta alimwita Jumatano.

"Baadaye, dada."

Alhamisi alimwita waende sokoni wakipiga soga njiani. Baadaye. Ijumaa alikuja kitandani kwake, akakaa, akataka tu kuongea. Baadaye, dada, nakaribia.

Jumamosi asubuhi, magari ya harusi yakiwa tayari yanapanda mlima, pango lilijaa nuru. Kinyonga akatokea mweupe pepepe, vinyota vikimzunguka. Nakunda alimwona vizuri kabisa, ila kidole gumba hakikungoja. Kilibonyeza kama kilivyozoea, na pango likabaki tupu.

Alilia kama mtoto. Eliseta akaja, nywele zimesukwa nusu, na bibi yao nyuma yake.

"Nimemfukuza, dada. Amekuja, nikamfukuza mwenyewe."

Eliseta aliketi kando yake. "Hata mimi nilikuja," alisema taratibu. "Jumatano, Alhamisi na jana."

Hapo ndipo uchungu ulipomwingia Nakunda hasa, na haukuwa tena wa kinyonga. Siku tatu za mwisho za dada yake nyumbani zilikuwa zimekwisha, naye alikuwa pangoni.

Honi zikalia uani. Aliweka gemu chini, akachukua kitana na kumalizia kumsuka Eliseta, polepole makusudi, huku wakwe wakingoja. Wote wawili walikuwa wanalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Bibi, pale mlangoni, akatikisa kichwa, akasema kwa mara ya kwanza maneno mliyoyasikia leo: kidole kilichozoea kukataa hukataa hata bahati.