Mkanda wa Gari la Mama

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mwalimu alilitoa gari dogo jeupe chini ya kibanda na kuanza kulifuta. Alifuta kioo, akafuta taa, akainama kufuta matairi kana kwamba anamwosha mtoto. Gari lilikuwa na miaka kumi na minne, lakini ungeliona ungeapa limetoka dukani juzi. Lilikuwa la mkewe. Tangu mama huyo alipofariki miaka mitatu nyuma, mzee alikuwa akilipeleka sokoni na hospitali tu, kisha kulirudisha kulala. Kilomita zake hazikufika hata elfu arobaini, na Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja, alijivunia tarakimu hiyo kuliko cheti chochote ukutani.

Sasa gari lilikuwa linapata mwenyewe. Marehemu alikuwa amemwahidi binti yao wa pekee: ukimaliza uuguzi, gari hili ni lako. Binti alikuwa amemaliza, tena amepangiwa kazi katika zahanati ya mji wa mbali. Angeripoti Jumatatu. Ahadi ya mfu ni deni zito, na mzee alitaka kuitimiza bila dosari. Kwa hiyo Ijumaa akalipeleka gari gereji kubadilisha oili.

Fundi wa gereji hiyo aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Kwa kuwa mitihani yake ya hesabu ilizoea kurudi na yai, Mwalimu alimbatiza jina la Sufuri, na jina likamganda mpaka akaota mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sufuri. Oili tu, usinizungushe."

Lakini fundi ana macho yake. Alifungua kifuniko cha pembeni mwa injini, akamulika kwa tochi, akaupinda kwa kidole mkanda mweusi wenye meno. Mpira ulikuwa umejaa nyufa.

"Mwalimu, huu mkanda wa taimingi umechoka. Niachie gari, Jumanne litakuwa tayari."

"Jumanne! Jumatatu mtoto anakwenda kazini." Mzee akachomoa kitabu cha gari kwenye droo ya mbele. "Soma hapa. Mkanda hubadilishwa kwenye kilomita laki moja. Laki moja ukitoa elfu thelathini na nane, unabaki na ngapi?"

"Malizia mstari, Mwalimu. Kilomita laki moja au miaka saba, kinachotangulia. Kilomita bado, lakini miaka imepita mara mbili. Mpira unazeeka hata ukilala. Si umeshaona viatu vilivyokaa kabatini miaka? Siku ukivivaa, soli inabaki njiani. Na ukikatika huu, vali na pistoni zinagongana, injini kwisha."

Alikuwa amesema kweli, na sauti yake ilikuwa ya heshima. Lakini mafundi wengine walikuwa wameacha kazi kusikiliza, na Mwalimu akaona haya kusahihishwa mbele za watu. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakulisema: hakupenda mtu afungue injini ambayo mkewe aliiacha ikiwa nzima.

"Leo Sufuri ndiye wa kunifundisha kuhesabu?" akasema. Gereji nzima ikaangua kicheko. Fundi akainamisha kichwa, akarudisha kifuniko, akamwaga oili kuukuu.

Nyumbani, binti alikuwa akikunja sare zake mpya.

"Baba, fundi amesemaje?"

"Zima kama kigongo," akajibu mzee, wala hakumtazama usoni.

Jumatatu waliondoka pamoja, binti kwenye usukani, baba pembeni akimsindikiza. Binti aliendesha vizuri, akaimba kidogo, akasema anahisi kama mama amekaa kiti cha nyuma. Mwendo wa nusu saa nje ya mji walianza kupanda mlima. Nyuma yao lilikuja lori la mchanga. Katikati ya mlima injini ikakwaruza, ikanyamaza. Usukani ukawa mzito kama jiwe.

"Baba, halivuti! Baba!"

Lori likapiga honi ndefu. Binti akaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, akalitupa gari kwenye changarawe za kando, akavuta breki ya mkono. Lori likapita kwa upepo uliolitikisa gari zima. Walikuwa salama. Binti alilia kwa kwikwi, na mzee akamshika bega.

Mzee akampigia simu fundi, naye akafika na gari la kuvuta. Hakununa wala hakuuliza. Alipofungua kifuniko, mkanda ulikuwa umekatika, meno yamepukutika chini. Alizungusha injini kwa mkono, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Vali zimepinda, na pistoni moja imetoboka. Hii haitengenezeki. Itabidi kutafuta injini nyingine."

Binti akafuta machozi. "Sasa fundi, Ijumaa hukuliona hili?"

Fundi akatazama spana zake. Angeweza kujitetea kwa neno moja, lakini alimwonea huruma mzee aliyemfundisha, akanyamaza. Kimya hicho kilimchoma Mwalimu kuliko matusi.

"Aliliona," akasema mzee. "Aliniambia nimwachie gari mpaka Jumanne, nikamcheka mbele ya wenzake. Kisha nikaja kukudanganya wewe, mwanangu. Nisamehe. Na wewe fundi, nisamehe sana."

"Yamepita, Mwalimu," fundi akasema taratibu.

Binti alitoa sanduku lake kwenye buti ya gari, akasimamisha basi lililokuwa likipanda. Mguu mmoja ukiwa ngazini, aligeuka.

"Gari ningelisubiri mpaka Jumanne, baba. Hata mwezi ningesubiri. Mimi nilitaka tu kuendesha kile alichoendesha mama."

Basi likaondoka. Mwalimu alibaki kando ya barabara na mkanda uliokatika mkononi, mpira usiozidi upana wa vidole viwili, uliokuwa umeondoka na injini nzima ya marehemu mkewe. Alilia bila kujificha, na fundi akasimama karibu naye mpaka alipotulia. Hakika, mdharau mwiba, mguu huota tende.