Nyumba Iliyomfuata Bi Dzame

Semeni pakawa, jamani, maana kisa hiki hata mimi kinanichanganya.

Thoya alimtoa mama yake mzee, Bi Dzame, akamlaza katika banda la mbuzi, ili yeye akae katika nyumba ya udongo ambayo mama aliikandika kwa mikono yake.

Asubuhi Thoya akaamka uwanjani, kalowa umande. Nyumba imesimama kule penye banda la mbuzi, mama yumo ndani! Akajikuna kichwa: nimehama mimi, au imehama nyumba?

Akamrudisha mama kwa mbuzi. Kesho yake, yale yale. Siku ya tatu akajifunga kamba mlangoni. Akaamka kaikumbatia kamba tupu.

"Mama, nyumba yangu iko wapi?"

Bi Dzame akajibu kutoka ndani, "Yako hujaikandika bado, mwanangu."