Fundi Aliyesema "Nime"

Sogeeni karibu. Leo siwapi hadithi ya kulalia, nawapa kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Palikuwa na karakana ya miguu ya bandia huko Korogwe, na ndani yake mafundi watatu. Kiondo alikuwa na sikio: mgonjwa akipiga hatua tatu tu, yeye amefumba macho, anakuambia panapouma. Mbelwa alikuwa na mkono, na mguu aliouchonga ungedhani umeota mwilini mwa mwenyewe. Tabia alikuwa na subira isiyoisha. Mkuu wao, Fundi Semkiwa, alikuwa na sheria.

Sheria yenyewe ilikuwa neno. "Humu ndani hakuna 'nime'," aliwaambia siku ya kwanza. "Tumepima, tumechonga, tumekosea. Atakayesema 'nime' atashika ufagio."

Na kweli walifagia, vumbi la mbao likawajaa puani, mpaka ndimi zikazoea. Siku moja Mbelwa aliingia ameshika shavu. "Jamani, tumeumwa na jino!" Walicheka mpaka machozi. Ilikuwa karakana ya raha, nawaambieni. Mtu akiharibu kitu alisema palepale, kwa sababu hakuna ambaye angemcheka.

Basi akaja Mwalimu Namkunda, aliyekatwa mguu, aliyekuwa akifundisha shule iliyo juu ya kilima. Mafundi wa kwingine walikwisha kumshindwa. "Hapa ni mwisho," alisema. "Nikishindwa kupanda kile kilima, sirudi tena darasani."

Kiondo alifumba macho, akasikiliza hatua zake. "Mafundi wote hao wamepunguza mguu upande wa nje," alisema. "Mfupa unagusa ndani."

Mbelwa akachonga. Miguu minne aliitupa kwenye kuni bila kuulizwa na mtu, wa tano ukakaa.

Tabia akapanda naye kilima siku arubaini. "Moja tena, Mwalimu. Moja tu." Siku moja Mwalimu alianguka, akamtukana matusi ya kila namna. Tabia aliketi vumbini kando yake mpaka yalipomwishia, kisha wakaendelea. Na Mwalimu Namkunda alifika juu, akaigonga kengele ya shule kwa mkono wake mwenyewe.

Wageni wakaja kutoka mkoani na kipaza sauti. Mafundi watatu walisimama nyuma ya mkuu wao, wamevaa nguo za sikukuu.

"Mmewezaje?" mgeni aliuliza.

"Nimeutengeneza mguu huu mwenyewe," alisema Semkiwa. "Nimehangaika nao miezi mitatu."

Nime. Mara mbili, wala hakugeuka nyuma. Mimi kila nikifika hapa hasira hunipanda upya. Miaka sita kila mmoja alimkabidhi "mimi" yake, naye akazikusanya zote akazivaa. Mbelwa alisema angepigwa kofi mbele ya wageni wale ingekuwa afadhali.

Asubuhi yake Kiondo alimkuta Semkiwa mlangoni. Hakumwamkia. Alimnyooshea ufagio. "Sheria yako, Fundi."

Semkiwa alifagia karakana nzima, pembe kwa pembe. Kisha akauweka ufunguo wa karakana mezani. "Tumewakosea," alianza.

"Hapana," Tabia alimkatiza. "Hilo ni lako peke yako. Sema vizuri."

"Nimewakosea," alisema. "Sistahili kuwaongoza. Ufunguo ni mmoja. Auchukue aliyemrudisha Mwalimu darasani."

Mafundi wakatazamana. Kila mmoja alifungua mdomo, akaufunga. Kuudai ufunguo lazima useme "nime", na neno hilo sasa liliwachoma.

"Sheria ilikuwa nzuri," Kiondo alisema kwa uchungu. "Bila hiyo tungekuwa tunafichana makosa mpaka leo."

"Sheria, ndiyo," alijibu Mbelwa. "Mwenye sheria je?"

Nje amefika mtu mwingine na magongo yake, ametoka mbali, anabisha hodi, na hakuna wa kumpokea mpaka ufunguo upate mwenyewe.

Haya, mahakimu. Yuko Kiondo aliyesikia, Mbelwa aliyechonga, Tabia aliyetembea naye, na Semkiwa aliyewafanya kuwa kitu kimoja kisha akawauza. Je, wewe ungeamua vipi? Ufunguo ungempa nani, na ufagio ungebaki mkononi mwa nani?