Brashi ya Fundi Shamte

Apa kwanza kwamba hili haliendi popote. Nami niliapa hivyohivyo kwa aliyenisimulia, na tazama, hata chai haijapoa.

Mtu mmoja alikuwa na mikono ya uashi iliyoaminiwa na kijiji kizima. Jina lake Shamte. Kijiji kilipojenga zahanati, kilimkabidhi mfuko wa unga mweupe wa kuchanganya na saruji. Unga ule huufanya ukuta uwe mgumu, na jua likiupiga, uchafu hulegea, mvua ikauosha. Hautaki sabuni wala brashi. Unataka jua tu.

Lakini Shamte alikuwa anaozesha binti. Wakwe wako njiani, na baraza lake lina ukungu. Akajiambia, nani atajua? Unga wote ukaishia barazani kwake. Zahanati ikapata saruji tupu na maneno matamu.

Siku ya kukabidhi jengo, kila nyumba ilichovya kiganja kwenye masizi ya sufuria, ikakigonga ukutani. Jua lifute, wakasema, nasi tutakuja kutazama baada ya miezi miwili. Ukuta ukisafika, Shamte atajenga na shule. Usiposafika, asishike tena mwiko hapa kijijini.

Siku zikapita. Baraza la Shamte liling'aa mpaka wakwe wakalisifu. Kule zahanati, viganja vilimtazama vilevile, vyeusi, kila alipopita. Usingizi ukamhama, chakula kikawa majani makavu mdomoni.

Alfajiri ya siku ya kutazama ukuta akabeba ndoo, sabuni na brashi. Akasugua. Kiganja cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka na plasta yake. Jasho likamtiririka. Akasugua kwa nguvu zaidi, maana jua lilikuwa linakuja.

Masikini, alisahau kwamba uchungu wa uzazi haungoji saa ya mkutano. Mke wa jirani alikuwa analetwa zahanati, na nyuma yake mtaa mzima, kanga viunoni. Wakakata kona. Lahaula! Wakaganda. Hata mwenye uchungu alisahau kulia. Shamte kasimama, povu mpaka viwikoni, plasta imemwagika miguuni, brashi mkononi.

Bi Mkasi mkunga ndiye aliyepata sauti.

"Endelea tu, mwanangu Shamte. Kiganja changu ni kile cha juu."

Jua likachomoza, likawamulika wote. Na wewe unayenisikiliza, ukuta wako unasafishwa na jua, au na brashi ya alfajiri?