Jina la Athumani katika Sala ya Damari

Waswahili wana msemo kwamba Mungu si Athumani. Maana yake ni kuwa binadamu huchoka, huogopa, hata hukataa, lakini Mola hamtupi mja wake. Wengi huusema msemo huu bila kuufikiria. Damari aliufikiria sana, na tena aliuelewa kombo.

Masika ya mwaka 1954 hayakuwa na mchezo. Damari, mkulima wa ngano milimani juu ya Chimala, aliteremka tangu alfajiri akiwa amembeba mgongoni binti yake Tupokigwe, aliyeshikwa na homa ya mapafu. Mtoto alihema kama mvukuto wa mhunzi. Ndiye pekee aliyebaki. Wawili waliomtangulia walikwisha kuzikwa, na tangu hapo Damari alikwenda kanisani kwa mazoea tu, midomo ikiimba na moyo umefungwa.

Alipofika Chimala alikuta mto umefurika na daraja la miti limechukuliwa na maji. Hospitali ilikuwa Mbeya, ng'ambo. Huko ng'ambo alikuwapo mzee mmoja na gari dogo, akingoja maji yapungue. Upande huu lilisimama lori la mpunga, na dereva wake, mtu wa asili ya pwani, alikuwa anakula vitumbua.

"Baba, nakuomba univushie mtoto," Damari alimsihi.

"Mama, maji haya yameua watu. Mimi siingii," alijibu bila kumtazama.

Damari akaketi chini akilia. Bi Mwanakhamisi, muuza vitumbua, alimwekea mkono begani. "Nyamaza, mwanangu. Usikate tamaa. Mungu si Athumani."

Basi Kiswahili cha Damari kilikuwa cha kanisani na cha sokoni. Msemo ule hakuwahi kuusikia. Alikuwa amewasikia wapakiaji wa lori wakimwita yule dereva Athumani, akadhani ndiye anayesemwa. Akamtazama, akautazama mto, na maneno yale yakamchoma hadi ndani. Kumbe aliyekataa ni huyu. Mungu bado hajaulizwa.

Alipiga magoti kwenye tope akaomba kwa lugha ya kwao, kwa sauti kuu, kama mtu anayedai haki yake barazani. Athumani hakuelewa kitu ila jina lake, nalo lilitajwa tena na tena. Akakiweka kitumbua chini.

"Huyu mama ananisemea nini kwa Mungu?"

"Kamuulize Mungu," alijibu Bi Mwanakhamisi.

Dereva akavua viatu, akasema bismillahi, akampandisha mtoto mabegani. Damari akashika mkanda wake, wakaingia majini.

Walipofika katikati, maji yakiwa kifuani, watu ukingoni walipiga mayowe. Mti mzima ulikuwa unateremka na mkondo, umewaelekea wao. Athumani alifumba macho. Ule mti ukagonga mwamba hatua chache kabla ya kuwafikia, ukageuka, ukalala umekingama, na nyuma yake maji yakatulia kama ya mtungini. Wakavuka katika utulivu ule, mto ukinguruma pande zote. Mara walipokanyaga nchi kavu, mti uling'oka ukaenda zake. Ukingoni wanaume walivua kofia.

Mzee wa gari aliwafikisha Mbeya, na mtoto akatibiwa akapona. Athumani alipokuja hospitalini kuwajulia hali, alimkuta Damari akiimba kando ya kitanda, safari hii kwa moyo wake wote.

"Mama, siku ile ulikuwa unaniombea nini?"

"Sikukuombea wewe, baba. Nilimwambia Mungu: Athumani amekataa, lakini wewe si Athumani."

Dereva alicheka, kisha kicheko kikamkauka, machozi yakamlengalenga.

"Basi alikusikia. Mimi nilikwisha kukataa, na pale katikati nilifumba macho nikingoja kufa. Aliyekuvusha, mama, si mimi."

Naam, Mungu si Athumani, na Athumani mwenyewe ni shahidi.