Kamba ya Bi Nakijwa na Ufunguo wa Uwanja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja aje na hukumu yake mfukoni. Asiitoe bado. Huenda ikambadilikia njiani.

Katika mji wa Kwekatani, ambao mkonge umeuzunguka pande zote, waliishi watu watatu wenye vipawa vitatu.

Wa kwanza alikuwa Bi Nakijwa, mjane, msokota kamba. Kipawa chake kilikuwa macho. Akitazama shamba, alijua mpaka umesogea vidole vingapi tangu mavuno yaliyopita. Akitazama uso wa mtu, alijua ndani mna nini, au alidhani anajua. Hakumwamini mtu upesi. Ukimletea zawadi, aliipindua kwanza aone chini yake.

Wa pili alikuwa Shekiondo, mnadi wa gulio. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Aliwahi kumuuzia mwenye kipara kitana, na wiki iliyofuata mwenye kipara akarudi kununua cha pili.

Wa tatu alikuwa Fundi Hoza, mwashi. Kipawa chake kilikuwa mikono. Ukuta alioujenga yeye ulisimama kama askari, na maneno aliyasema machache, kama mtu anayelipia kila moja.

Sasa, vijana wa Kwekatani walikuwa na mchezo wao. Haukuwa kandanda. Mwalimu mgeni aliyewahi kufundisha sekondari ya pale aliwaachia magongo manne, mipira kumi na miwili, na mapenzi ya besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu mpaka arejee alipoanzia, mahali wanapopaita nyumbani. Vikongwe walicheka. "Mchezo gani huu? Mtu anakimbia kwao, halafu anashangiliwa kwa kurudi!"

Bi Nakijwa hakucheka. Mrushaji wa timu ile alikuwa Mwanjaa, binti yake wa pekee, mwenye mkono wa kushoto uliowashinda wapigaji wa wilaya nzima. Na Mwanjaa, akishika mpira, alisahau kwamba ni yatima.

Ndipo barua ikaja kutoka chama cha mchezo cha mkoa. Timu isiyo na uwanja wake, wenye urefu wa hatua mia na ishirini, itaondolewa kwenye ligi, na nafasi yake itapewa mji mwingine. Wamepewa miezi minne.

Mkutano ukaitwa. Watu wa Mtaa wa Juu walitaka uwanja ukae kwao, kando ya kiwanda cha zamani cha katani. Watu wa Bondeni walitaka ukae kwao, kando ya kisima.

"Juu kuna mawe! Mtoto akianguka ataokotwa vipande!"

"Na Bondeni kuna mbu! Mtacheza mchana, mtalazwa jioni!"

Tajiri mmoja wa mbali alikuwa ametuma mjumbe. Angejenga uwanja wote kwa fedha yake, naye angeumiliki miaka tisini na tisa. Watu walianza kupiga makofi. Bi Nakijwa akasimama.

"Anayekujengea jiko bure," alisema, "mmeshamuuliza atapika nani?"

Makofi yakafa. Mjumbe akakunja karatasi yake.

Basi watu watatu wakajitokeza.

Bi Nakijwa alitoa mahali. Shamba lake la mahindi lilikuwa katikati, si Juu wala Bondeni, tambarare kama meza. "Nawapa urefu wa kamba sita, hatua zote mia na ishirini," alisema. "Baada ya hapo ni migomba aliyoipanda marehemu. Migomba hiyo haiguswi." Hilo ndilo shamba alilokuwa nalo, hakubakiwa na jingine. Watu wakanong'ona njiani: mjane hatoi shamba bure, huyu ana lake.

Shekiondo alitoa fedha. Siku ya gulio alipanda juu ya kreti na jogoo mmoja mwekundu mkononi. Kwekatani kuna desturi: jogoo wa mchango akishanunuliwa, mnunuzi humrudisha anadiwe tena, na ole wake atakayempeleka nyumbani. "Jogoo huyu amesoma!" alipiga kelele Shekiondo. "Anawika kwa lugha tatu! Mama mwenye kanga ya njano, unamwacha aende kwa jirani yako unayemjua wewe?" Jogoo aliuzwa mara arobaini na moja, akamaliza siku akiwa mzima, amechoka kuliko wote. Saruji, mabati na wavu vikapatikana. Bi Nakijwa alitazama jinsi Shekiondo alivyowapungia watu mkono, akawaza: mkono huu unatafuta udiwani.

Fundi Hoza alitoa kazi. Alisawazisha ardhi, akajenga jukwaa la mawe nyuma ya pale nyumbani pa mchezo, akasimamisha nguzo za uzio, miezi mitatu bila ujira, huku mke wake akilisha watoto kwa kuuza mihogo. "Kwa nini, Fundi?" watu walimuuliza. "Nimependa," alijibu. Jibu fupi namna hiyo lilimkosesha Bi Nakijwa usingizi. Mtu anapenda nini katika mawe ya wenzake?

Lakini nimeruka jambo moja. Kabla ya jiwe la kwanza, ardhi ilipimwa.

Huko hawaamini utepe wa chuma. Zamani alikuja mpimaji na utepe wake, akaondoka, na mashamba yakawa yameondoka pia. Tangu siku hiyo ardhi hupimwa kwa kamba ya katani yenye hatua ishirini, tena kwa watu watatu: mwenye kamba havuti, mvutaji hahesabu, mhesabuji hagusi kamba. Hivyo hakuna awezaye kuiba peke yake.

Kamba ilikuwa ya Bi Nakijwa. Mvutaji alikuwa Fundi Hoza. Mhesabuji alikuwa Shekiondo. Ilikuwa masika, mvua haikutaka kukatika, na barua haikutaka kungoja. Wakapima wakiwa wamejifunika viroba kichwani, kamba ikichuruzika maji. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Fundi akapiga kigingi. Yakaisha.

Miezi minne ilipotimia, jua likiwa kali, akaja Mkaguzi Mntangi kutoka chama cha mkoa. Alishuka kwenye basi la Alhamisi na utepe wake wa chuma. Akapima kutoka nyumbani hadi uzio wa mwisho. Akapima tena.

"Umepungua," alisema. "Hatua sita."

Mwanjaa aliuangusha mpira.

"Siwezi kuupitisha. Kuna mji mwingine unaningoja. Basi la mchana linanifaa."

Ndipo shuku iliyokuwa chini ya mkeka ikatoka nje na kuketi kitako.

"Nani amesogeza kigingi?" aliuliza Shekiondo, akimtazama Fundi.

"Nani alihesabu?" aliuliza Fundi, akimtazama Shekiondo.

"Labda kahesabu tano akaita sita," alisema mmoja wa Mtaa wa Juu. "Ndiyo hesabu za mnadani!"

"Au Fundi kaleta uzio karibu, saruji ibaki," alidakia mwingine wa Bondeni. "Mmeona jiko lake jipya?"

"Jiko la udongo hilo!" Fundi alifoka. Hakuna aliyewahi kumsikia akifoka.

Bi Nakijwa alikuwa kando, macho yake yakienda kwa huyu na kurudi kwa yule. Mwanzoni alikuwa na hakika ni Shekiondo. Kisha akawa na hakika ni Fundi. Akaagiza kamba yake iletwe, wakapima upya mbele ya Mkaguzi: kamba tano na hatua kumi na nne. Kweli, hatua sita hazipo. Fundi, kwa hasira, akaitupa kamba, ikaangukia ndani ya pipa la maji ya kuchanganyia saruji.

Bi Nakijwa aliiopoa. Alipoikamua, vidole vyake vikasikia kitu ambacho miaka thelathini vilikuwa vinakisikia: katani ikilowa, nyuzi hunenepa, kamba hukaza, hufupika. Ndiyo maana kamba ya nguo hulegea kiangazi na kukaza mvuani. Ndiyo maana kamba za kuuza yeye huzipima zikiwa kavu tu.

Hakuna mwingine aliyeona. Wote walikuwa wakitazamana. Angeweza kuianika kamba ile na kunyamaza, na mji ungebaki kuwashuku mnadi na mwashi hadi kiama. Alimtazama Mwanjaa. Mwanjaa alikuwa akimtazama yeye.

"Acheni," alisema. "Njooni mpime hii."

Waliilaza kamba iliyolowa kando ya utepe wa Mkaguzi. Hatua kumi na tisa.

"Kila kamba imemeza hatua moja," alisema Bi Nakijwa. "Kamba sita, hatua sita. Hakuna mwizi. Ilikuwa mvua."

Watu walishusha pumzi. Lakini Shekiondo hakuishusha yake. Alimsogelea polepole.

"Shemeji," alisema, maana marehemu alikuwa rafiki yake, "mimi ni mnadi, najua sauti. Hoza ni mwashi, anajua mawe. Wewe umesokota kamba tangu kabla hujaolewa. Siku ile ya mvua, hukujua?"

Bi Nakijwa aligeuka kutazama uzio. Upande wa pili wake, migomba ya marehemu ilitikisika, ikiugusa waya, salama; kamba sita kavu zingeingia ndani yake.

"Sikukumbuka," alisema.

"Hukukumbuka, au hukutaka kukumbuka?"

"Bwana wee, basi linakuja!" alikatiza Mkaguzi.

Na hapo kila mmoja alifanya lake.

Shekiondo alitoa ulimi. Alimshika Mkaguzi mkono, akamkaribisha chai, akaanza kumsimulia habari za jogoo, mnunuzi mmoja baada ya mwingine, wote arobaini na mmoja, na koo zao. Alipofika wa thelathini na nane, basi lilipita likipiga honi. Basi jingine lilikuwa la Jumamosi. "Umenifanyia makusudi!" alisema Mkaguzi. "Mimi?" alisema Shekiondo. "Bado watatu."

Fundi Hoza alitoa mikono. Alibomoa jukwaa lake mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akalijenga tena hatua tatu nyuma, na nyumbani pakasogea nalo, siku mbili bila kulala vizuri. Hakulalamika. Jumamosi asubuhi alisimama hawezi kukunja vidole.

Bi Nakijwa alitoa migomba. Hatua tatu nyingine zilikuwa upande wake. Alichukua panga yeye mwenyewe, hakumpa mtu. Aliikata mmoja mmoja, na kila mgomba ulipolala alitaja jina la mwaka uliopandwa: mwaka wa ndoa, mwaka wa Mwanjaa, mwaka wa homa. Kisha akang'oa uzio, akausogeza.

Jumamosi Mkaguzi alipima. Akapima tena. Akatia sahihi, akakimbilia basi.

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Lakini furaha ina mkia, na mkia huu ulikuwa na kufuli.

Mkutano ulikuwa umeamua tangu mwanzo: lango ni moja, ufunguo ni mmoja. Atakayeushika ataulinda uwanja, atauza chai na maandazi kwenye kibanda cha langoni, na jina lake litaandikwa juu ya lango. Mwenyekiti akauinua. "Tumpe nani?"

"Washirikiane," alipendekeza mtu mmoja.

"Ufunguo wa watatu," alisema Bi Nakijwa, "kila kitu kikipotea, kila mmoja anaapa."

Wenzake waliitikia kwa kichwa. Katika hilo tu walikubaliana.

Wengine walisema apewe Shekiondo. Bila fedha, hakuna hata msumari. Bila ulimi wake, Mkaguzi angeondoka na ligi. Lakini yeye ana mnada wake, na wapo waliokwisha kuona uchaguzi ukichungulia nyuma ya lile jina juu ya lango.

Wengine walisema apewe Hoza. Amejenga mara mbili kilichopaswa kujengwa mara moja, na vidole vyake havijarudi sawa. Lakini yeye ndiye aliyevuta kamba ile mvuani, na mvutaji mzoefu husikia kamba inapobana. Mbona hakusema?

Wengine walisema apewe Bi Nakijwa. Hana shamba tena, hana migomba, na bila kibanda kile yeye na Mwanjaa watakula nini? Tena ndiye aliyesema kweli wakati kimya kingemfaa. Lakini kamba ni yake. Katika Kwekatani nzima, hakuna aliyepaswa kujua kuliko yeye.

Bi Nakijwa alisimama katikati ya uwanja, kwenye udongo uliokuwa mahindi yake. Macho yaliyosoma nyuso za mji mzima aliyageuza ndani, akauuliza moyo wake: siku ile ya mvua, ulijua? Moyo haukujibu. Akaupindua kama zawadi ya mgeni, auone chini yake, na hapo pia palikuwa na giza.

Mwanjaa alikuwa amesimama nyumbani, mpira mkononi, akingoja lango lipate mwenyewe. Mwenyekiti bado ameuinua ufunguo, akiwatazama watu mmoja mmoja.

Sasa toeni hukumu zenu mifukoni, mwone kama bado ni zile mlizokuja nazo. Yupo aliyetoa ulimi, yupo aliyetoa mikono, yupo aliyetoa ardhi na kweli, na kila mmoja ana kivuli chake. Ufunguo ni mmoja. Wewe uliyesikiliza yote, ungeuweka katika kiganja cha nani? Na ungemwambia nini yule wa pili, na yule wa tatu, wakikutazama usoni?